Nani alichora nyumba ya vitu vyetu? Tervuren, kutoka 1897 mpaka leo



Tukiongea juu ya vitu vya wababu wetu vilivyo Ubelgiji, swali tunauliza ni moja: vitarudi lini? Ni swali ya haki, na nitaifikia. Lakini kuko swali ingine inayotangulia, na watu wachache wanaiuliza: nani alichora nyumba ambamo vitu hivyo vinakaa, na alipoichora alitaka mgeni akiingia aone nini na aamini nini?

Makumbusho haiko ghala tu. Mwenye kuichora njo anaamua mlango uwe upande gani, mgeni akutane na kitu gani kwanza, taa iangaze wapi, nini kiwekwe juu na nini chini, na jina la nani liandikwe ukutani. Mbele mgeni asome karatasi hata moja, nyumba imekwisha kumwambia jambo. Kuko ofisi za wasanifu majengo, wale tunazoea kuita maarshitekti, ambazo kazi hii ya makumbusho na maonyesho wanaijua kwa undani. Leo nitaongea juu ya moja yao, ofisi ya Stéphane Beel ya mji wa Gent, Ubelgiji. Ofisi hiyo ilikuwa imechora makumbusho ya mchoraji Roger Raveel iliyofunguliwa mwaka 1999, na makumbusho M ya mji wa Leuven, mwaka 2009. Kisha ikapewa kazi ngumu kweli kweli: kutengeneza upya makumbusho ya Tervuren, nyumba iliyojengwa kwa faida ya Kongo ili kusifu ukoloni wa Kongo.

Kusudi tuelewe ugumu wa kazi ile, inafaa turudi nyuma miaka zaidi ya mia moja.

1897: kahawa, kakao na mbao za bilinga

Mimi nilisoma agronomia, kwa hiyo naanzia kwenye mazao. Na kweli, historia ya Tervuren inaweza kuanza na mazao.

Mwaka 1897 mji wa Bruxelles ulifanya maonyesho makubwa ya kimataifa. Mfalme Léopold II alikuwa anashika Kongo kama mali yake tangu 1885, lakini Wabelgiji wengi hawakuijali. Alitaka waipende, na waweke pesa zao ndani. Basi sehemu ya Kongo katika maonyesho akaiweka Tervuren, nje kidogo ya mji, katika jengo lililoitwa Palais des Colonies.

Ndani ya jengo hilo walifanya kazi wasanifu wanne ambao leo majina yao yanafundishwa katika vyuo vya sanaa vya Ulaya: Paul Hankar, Henry van de Velde, Gustave Serrurier-Bovy na Georges Hobé. Kila mmoja alipewa sehemu yake. Kulikuwa sehemu ya vitu na desturi za watu wa Kongo, sehemu ya bidhaa zinazoingia Kongo, sehemu ya bidhaa zinazotoka, na sehemu ya kilimo kikubwa: kahawa, kakao, tumbako. Ile ya kilimo ilikuwa ya Hobé. Alichukua mbao za bilinga, mti wa misitu yetu, akatengeneza nguzo na matao yenye kujipinda, hata mgeni alijiona kama anatembea katika msitu. Wale wasanifu walitumia sana mbao za Kongo, na mtindo wao mpya, wenye mistari ya kupinda kama mizabibu, watu wengine wa wakati ule waliuita hata mtindo wa Kongo.

Ninapotazama picha za ukumbi ule, nikiwa mtu wa agronomia, ninaona kwanza kile kinachokosekana. Kahawa iko, kakao iko, mlimaji haiko. Hakuna jembe, hakuna njia ya kubeba mzigo, hakuna saa za kazi. Na zaidi ya yote: wakati ule utajiri mkubwa wa Dola ya Léopold haukutoka katika mashamba mazuri ya kahawa, ulitoka katika mpira wa msituni na pembe za tembo. Mpira ule watu walilazimishwa kuutafuta. Asiyefikisha kipimo alipigwa, jamaa zake walifungwa, vijiji vilichomwa. Hobé hakuandika uongo popote. Alichora ukumbi mzuri tu, na uzuri wake ukafanya kazi ya kuficha.

Nje, katika bustani, kulikuwa maonyesho ya aina ingine. Watu 267 walitolewa Kongo wakapelekwa Tervuren, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya maziwa ya bustani, kusudi wazungu wapite kuwatazama. Wageni walizidi milioni moja. Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua. Saba kati yao walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao leo iko kando ya kanisa la Tervuren. Mushike majina hayo saba, tutayakuta tena.

1910: nyumba ya Girault

Maonyesho yale yalimfurahisha sana Léopold, akataka yawe ya kudumu. Mwaka 1900 aliona Paris jengo la Petit Palais, kazi ya msanifu Mfaransa Charles Girault, akampenda. Girault akaitwa Tervuren. Ujenzi ulianza mwaka 1904. Pesa ilitoka katika faida ya Kongo ile ile, wakati ule ule ambapo ulimwengu mzima ulikuwa umeanza kusikia habari za mikono iliyokatwa. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ilimpokonya Léopold koloni lake. Yeye mwenyewe alikufa Desemba 1909. Mfalme Albert I njo alifungua makumbusho, Aprili 1910.

Girault alichora jumba la kifalme. Mgeni alitoka katika bustani pana, akapanda ngazi, akaingia moja kwa moja katika ukumbi wa duara wenye paa la juu sana na marmari kila upande. Chini ya miguu yake, nyota ya Dola ya Kongo. Ukutani na juu ya milango, herufi mbili za L, alama ya Léopold, zimerudiwa mara nyingi katika nyumba yote. Na katika vishimo vya ukuta, sanamu za rangi ya dhahabu za mchongaji Arsène Matton. Moja inaonyesha Ubelgiji ikiletea Kongo ustaarabu; ingine, Ubelgiji ikiletea Kongo usalama. Wazungu katika sanamu zile ni warefu, wamevaa. Waafrika ni wadogo, wako uchi, wanashika nguo ya mzungu kama mtoto anayeshika kitenge ya mama yake.

Fikirini sasa mtoto wa shule wa Ubelgiji mwaka 1950. Mwalimu anamleta. Anaingia mlangoni, anainua macho. Kwake somo limekwisha hapo. Vinyago, ngoma, mikuki, mambo yote atakayoona baadaye yatakuwa mfano tu wa lile alilofundishwa na ukumbi wa kwanza: kwamba hawa watu walikuwa gizani na sisi tukawaletea mwanga. Vizazi vya Wabelgiji vilijifunza Kongo namna hii. Makumbusho ilibadilisha jina, ikatoa neno Kongo mwaka 1960 ikaitwa ya Afrika ya Kati, lakini mlango ulibaki pale pale, na sanamu zikabaki zinasema vile vile.

Beel anahamisha mlango

Desemba 2013 makumbusho ilifungwa kwa kazi. Ilifunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018, nyuma ya miaka mitano. Kazi iligharimu zaidi ya milioni 60 za euro. Ofisi ya Beel haikuwa peke yake: ilifanya kundi na wengine, ofisi ya Origin kwa kurudisha jengo la zamani katika hali yake, Niek Kortekaas kwa kupanga maonyesho, Michel Desvigne kwa bustani, na mainjinia. Muone vile kazi ya makumbusho inavyokuwa kazi ya watu wengi: mmoja anajua ukuta, mwingine anajua taa, mwingine anajua namna ya kupanga kitu kusudi kiseme.

Tatizo lao lilikuwa hili. Jengo la Girault linalindwa na sheria ya urithi. Huwezi kuangusha ukuta wake, huwezi kutoa sanamu za Matton ndani ya vishimo, huwezi kufuta L za Léopold, hata vitrini nyingi za zamani huwezi kugusa. Sasa utafanya nini na nyumba inayosema uongo kila siku, na hauna ruhusa ya kuifunga kinywa?

Jibu la Beel lilikuwa kuhamisha mlango. Kando ya jengo la zamani alijenga banda kubwa la vioo, la kisasa, lisilo na sanamu wala dhahabu. Hapo njo mgeni anaingia leo, anakata tiketi, anaacha koti. Kisha anashuka chini ya udongo, anafuata njia ndefu nyeupe ya karibu metre 100. Katika njia ile anakutana na mtumbwi mmoja tu, wa zaidi ya metre 22, uliochongwa na Walengola katika mti mmoja. Wanafunzi wa eaux et forêts munaweza kupiga hesabu wenyewe mti ule ulikuwa na ukubwa gani. Mtumbwi huo uliwahi kumbeba mfalme Léopold III alipotembea Kongo mwaka 1957. Waliopiga kasia walikuwa wakina nani? Njia ni ndefu ya kutosha, mtu ana wakati wa kujiuliza.

Mwisho wa njia, bado yuko chini, katika vyumba vya msingi wa jengo la zamani. Pale anaelezwa historia ya makumbusho yenyewe: nani aliijenga, kwa pesa gani, vitu vilifika namna gani. Na kuko chumba kimoja ambamo waliweka sanamu ambazo hazistahili tena kuonyeshwa pamoja na zingine, wakakiita "Hors jeu", maana yake nje ya mchezo. Humo iko ile sanamu ya mtu-chui ya Paul Wissaert, ya mwaka 1913, anayemnyemelea mtu aliyelala. Karibu yake iko picha ya ndugu yetu Chéri Samba ya mwaka 2002, "Réorganisation": Waafrika wanavuta kwa kamba sanamu ile ile kuitoa nje, wazungu wanaivuta kuirudisha ndani.

Nyuma ya hayo yote, mgeni anapanda ngazi. Na ile duara ya Girault, ile iliyokuwa mwanzo wa somo, sasa anaifikia akiwa amekwisha kujua nani anaongea na kwa nini. Marmari ni ile ile, dhahabu ni ile ile, lakini mtu anayeitazama si yule wa 1950. Ninaona hii kuwa akili kubwa. Kazi yote ilipita katika safari ya miguu ya mgeni: umebadilisha utaratibu wa kuona, umebadilisha maana, na hakuna jiwe la zamani lililoguswa.

Majina saba na majina 1508

Fasi ingine ambayo inaonyesha jambo hili ni ukumbi wa ukumbusho. Ukutani yameandikwa majina 1508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Kwa Wakongo waliokufa miaka ile, hakuna jina hata moja. Ukuta unalindwa, hauwezi kuufuta wala kuongeza mstari.

Msanii wetu Freddy Tsimba wa Kinshasa aliona dirisha. Ukuta hauguswi, lakini mbele ya ukuta kuko vioo. Akaandika juu ya vioo majina ya wale saba wa 1897. Jua likiangaza, kivuli cha majina kinaangukia ukuta, juu ya majina ya Wabelgiji. Ekia, Gemba, Kitukwa wanatembea ukutani polepole kwa kufuata jua, na wingu likija wanapotea. Kazi hiyo inaitwa "Ombres", yaani vivuli. Haikuhitaji saruji wala milioni.

Katika duara vile vile, Aimé Mpane aliweka kichwa kikubwa cha mbao cha Mwafrika, kinatazama mbele, na kinasimama uso kwa uso na sanamu za dhahabu. Baadaye akaweka cha pili, na hicho kinatugusa sisi wa mashariki moja kwa moja: ni fuvu la mwami Lusinga.

Lusinga alikuwa mkubwa wa Watabwa upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, karibu na Mpala, leo katika territwari ya Moba. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, Mbelgiji aliyeshika kituo cha Mpala, walimshambulia, wakamuua, wakakata kichwa chake. Storms alirudi Ulaya na fuvu. Alirudi pia na sanamu ya mbao ya ukoo wa Lusinga. Sanamu iko Tervuren. Fuvu liko katika taasisi ya sayansi ya viumbe, Bruxelles. Kwa miaka mingi wageni walisifu uzuri wa ile sanamu, hawakuambiwa ilifika vipi. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika bustani moja ya Bruxelles. Lusinga bado hajazikwa kwao.

Fasi ambayo mchoro haufiki

Sasa nisije nikasifu tu. Kuko mambo ambayo ofisi ya wasanifu, hata ikiwa na akili gani, haiwezi kuyatengeneza.

La kwanza ni nani anaketi pale maamuzi yanapochukuliwa. Makumbusho iliita kundi la wataalamu sita wenye asili ya Afrika kushauri. Baadhi ya waliofuata kazi ile walisema hadharani kwamba walisikilizwa lakini hawakuamua. Mlimaji anaijua hiyo: mradi unakuja kijijini, wanakuuliza unapenda mbegu gani, unajibu, kisha wanakuletea ile waliyokuwa nayo katika gari. Mwezi wa Februari 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya watu wenye asili ya Afrika walipita Ubelgiji, wakasema mabadiliko ya Tervuren hayajaenda mbali ya kutosha.

La pili ni vitu vyenyewe. Makumbusho ina vitu vya desturi karibu 120000, na sehemu kubwa sana vinatoka Kongo. Unaweza kujenga mlango mzuri, unaweza kuandika ukweli chini ya kila kinyago, lakini kama mwizi amekuonyesha nguo yako na amekueleza vizuri vile aliiba, nguo bado iko kwake. Siku zile zile za kufungua, Desemba 2018, rais Joseph Kabila alisema Kongo itaomba vitu na archive virudishwe kwa ajili ya makumbusho mpya ya Kinshasa. Hata mbele yake, mwaka 1973, Mobutu aliomba jambo hilo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kati ya 1976 na 1982 vilirudi vitu zaidi ya mia moja tu kutoka Tervuren. Na tuseme kweli yote: katika vurugu za miaka ya 1990, vingi katika makumbusho yetu viliibiwa, vingine vikaonekana sokoni Ulaya.

Na kwetu?

Hapa njo nilikuwa nataka kufika. Tarehe 17 Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimpa waziri mkuu wetu wa wakati ule, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84000. Mwezi wa Juni mwaka ule mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakiacha katika makumbusho ya taifa kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo. Neno lenyewe mulisome mara mbili. Mwezi wa Julai Ubelgiji ikapata sheria inayofungua njia ya kurudisha. Kwa hiyo vitu vitarudi, kimoja kimoja au kwa wingi. Vitaingia wapi?

Makumbusho ya taifa ya Kinshasa, karibu na Palais du Peuple, ilijengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, milioni 21 za dola, ikafunguliwa Novemba 2019. Ni nyumba nzuri, tuwashukuru. Lakini mutazame ramani ya nchi: mtu wa Moba, wa Uvira, wa Beni atamuona Kakuungu lini? Tikiti ya ndege mpaka Kinshasa ni bei kuliko mshahara wa mwalimu.

Upande wetu wa Kiswahili iko makumbusho ya Lubumbashi. Na hapa kuko jambo dogo la kufurahisha. Katika miaka ya 1950, Mbelgiji Claude Strebelle alikuwa na ofisi ya wasanifu Élisabethville, ofisi iliyochora teatre ya mji, ile ambayo leo tunaiita Bâtiment du 30 juin. Ofisi hiyo iliitwa Yenga. Mutu wa Lubumbashi haitaji tafsiri: kuyenga nyumba. Walichukua neno letu wakaliweka juu ya mlango wa ofisi yao. Wenye lugha walikuwa wanabeba matofali.

Watu wengine husema Waafrika hawana nyumba za kutunza vitu hivyo, basi vibaki Ulaya. Mimi kama mtu wa agronomia ninajibu kwa Yangambi. Herbarium ya Yangambi, iliyoanzishwa wakati wa INEAC, ina mimea mikavu karibu 150000, ndiyo kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati. Majani makavu juu ya karatasi! Hakuna kitu rahisi kuharibika kuliko hicho: wadudu, unyevu, moto. Imepita uhuru, imepita maasi, imepita vita mbili, bado iko, sababu kulikuwa watunzaji waliobaki kazini hata mshahara ulipokosa. Kutunza kunawezekana kwetu. Kunahitaji nyumba iliyochorwa kwa ajili ya hali ya hewa yetu, na watu wanaolipwa.

Na kazi hiyo inafanana sana na tunayofundishwa katika kozi ya kuhifadhi mavuno. Mbao na raffia vinavuta na kutoa unyevu kama vile mahindi. Hewa ikibadilika haraka, mbao inapasuka. Mwanga ukiwa mkali, rangi ya kitambaa inakufa. Njo maana vitambaa vya zamani vinawekwa katika mwanga wa lux 50 tu, giza karibu. Kinyago kilichokaa Ubelgiji miaka mia moja katika hewa kavu ya chauffage hakiwezi kutupwa siku moja katika unyevu wa Kisangani. Kinapaswa kuzoeshwa polepole, sawa miche inayotoka katika pepinière. Kuta nene, paa lenye kutoka nje, hewa inayozunguka bila kutegemea SNEL: haya ni maswali ya msanifu, ya injinia, ya mtu wa fizikia, na ndiyo, ya agronome.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kwa wale kati yetu ambao wako, au watakuwa, katika ministère, katika mkoa, katika NGO, katika univ. Siku mradi wa makumbusho ukifika katika provense yenu, na mchoro uko tayari katika mfuko wa mgeni, muulize mapema: mlango uko wapi, mgeni atakutana na nani kwanza, na kati ya waliochora kuko Mkongo mwenye haki ya kusema hapana? Tervuren imetufundisha kwamba mlango uliowekwa vibaya unaweza kuongea uongo miaka mia moja, na kuuhamisha ni bei sana.

Jambo la pili linaweza kuanza kesho, bila pesa ya mtu. Ile orodha ya vitu 84000 isibaki katika mapango ya Kinshasa. Ifunguliwe kwa territwari, kwa kijiji, kusudi mwanafunzi wa historia wa Kalemie aweze kukaa na wazee wa Mpala, awasomee kilichoandikwa, na wao wamwambie kile kitu kiliitwa nani, kilitumika siku gani, na nani alikilia kilipochukuliwa. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Nyumba inaweza kungoja pesa ya kujengwa. Wao hawatangoja.